Kioo cha Kupimia Asali

Jumamosi, 3 Julai 1976
Pombe ya asali imeharibika tena. Pipa zima! Mara ya tatu tangu Pasaka. Majirani wa hapa Chechelesi wameonja, wakasifu kikombe. Kikombe! Na harusi yangu na Akuam ni mwezi ujao, kibali cha pombe chifu ameshanipa. Mama anasema nimwachie kazi, ulimi wake unatosha. Lakini mimi ni mtu wa maabara ya mifugo. Siwezi kuoa kwa ulimi wa mama.

Jumatatu, 5 Julai
Mzungu wa visima anarudi kwao, anagawa vitu. Ana rifraktomita mbili! Unadondosha tone juu ya kioo, unachungulia kwenye mwanga – bluu juu, nyeupe chini, na zinapokutana unasoma kiasi cha sukari. Moja nyeusi, inang'aa, ina sanduku la ngozi. Nyingine imekwaruzwa, imevishwa soksi. Nichague moja, nimpe dume la mbuzi la kuagia wenzake. Mutuma, dereva wetu, anasema nichukue ya sanduku. Ati kitu bila sanduku watu watasema nimeiba. Nimeazima zote siku mbili.

Jumatano, 7 Julai
Nimezijaribu kwa chai ya saa nne. Ile ya sanduku: bluu tupu. Nikaongeza sukari, vijiko sita. Bluu tupu! Kumbe inaanzia hamsini na nane, ni ya asali nzito tu. Ya soksi inaanzia sifuri, inaishia thelathini na mbili. Pombe kabla ya kuchacha iko humo humo. Nimechukua ya soksi. Mutuma amenuna kama sanduku lilikuwa lake.

Jumapili, 11 Julai
Baada ya misa nilipita dukani kwa Kaltuma. Salaam aleikum, aleikum salaam. Nikataka chupa tatu za asali. Akauliza ni ya nini. Ya kifua. "Kifua cha nani hicho?" Nikasema cha ukoo mzima. Alifunga chupa akiangalia ukuta.
Asali kikombe kimoja, maji vikombe vitatu: ishirini na sita. Safi! Mama akaonja, akasema nzuri. Nikamwambia ni ishirini na sita. Akasema ndiyo, nzuri.

Jumanne, 13 Julai
Mzee Emuron, babake Akuam, ameleta madebe mawili ya asali kutoka Leparua. Zawadi yake. Ati pombe ya binti yake haitatoka kwa asali ya dukani. Nikapima, kikombe kimoja kwa vitatu: kumi na saba. Nikaosha kioo. Kumi na saba. Nikabadilisha kikombe. Kumi na saba! Mama akachovya kidole ndani ya debe. "Huyu mzee amechimba kisima."
Jioni nikamwambia Akuam. Akasema babake anasifiwa kwa asali tangu kabla yeye hajazaliwa, na kama nataka kuoa kioo, nioe kioo.

Alhamisi, 15 Julai
Nimeamua. Nitaongeza asali ya Kaltuma kimya kimya, namba ipande, mdomo ufungwe. Akuam amekubali, hata amecheka kidogo. Lakini Mutuma! Amezunguka sokoni akisema nina kioo kinachoona uongo ndani ya asali. Kaltuma sasa anawaambia wateja asali yake ni ishirini na sita.

Jumamosi, 17 Julai
Wazee wanne wako uani. Mzee Emuron katikati. Hata chai haijamiminwa, akasema kwa sauti kubwa: "Lokol, lete hiyo kioo. Pima asali yangu mbele ya watu, wanaonisema wanyamaze."
Sikuwa na pa kukimbilia. Nikachanganya, nikadondosha. Akachungulia yeye kwanza. "Naona bluu. Naona nyeupe. Ni nzuri?" Hasomi namba. Akanirudishia, nikachungulia: kumi na saba. "Soma, daktari wa ng'ombe." Akuam alikuwa amesimama na birika, hanitazami.
Nikasema ngoja nichukue miwani.
Niko chumbani, naandika. Nje mama anawaeleza kwamba macho yangu ni mabovu tangu utoto. Sina miwani. Sijawahi kuwa na miwani.
Mzee Emuron amekuja mpaka mlangoni, peke yake. Anabisha. Pole pole – kama mtu ambaye hataki nifungue.