Picha ya Dianora Imepanda Altareni

Mtaa wa Wafinyanzi,
Faenza.
Septemba 20, 1583.

Mpendwa Shangazi Taddea,

Shikamoo, Shangazi, na shikamoo nyingine kwa mjomba Adriaan. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Antwerpi? Na kile kikohozi cha mjomba, kimemwachia au bado kinamwamsha usingizini? Mama anasema umsugue kifua kwa mafuta ya moto na vitunguu, hata akilalamika harufu. Atalalamika akiwa hai.

Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na kugombana vizuri zaidi. Zabibu mwaka huu zimekubali, mikono yetu yote ni myekundu. Mwanangu Bastiano ameota meno ya mbele na anauma kila kitu, pamoja na paka.

Sasa keti, Shangazi. Weka chini hicho unachoshona. Picha aliyoichora mdogo wangu Dianora iko juu ya altare kuu ya kanisa la mtaa wetu, na chini yake limeandikwa jina lake mwenyewe. Nimeliona kwa macho yangu haya, na tangu siku hiyo natembea barabarani kama nimevaa taji.

Wewe unamkumbuka akiwa kitoto kinachochora ndege kwenye sahani za baba, akichapwa makofi kwa kuharibu mali. Ulipokwisha hama aliolewa na Gaspare mchoraji, mtu mpole sana. Baada ya miaka michache mikono ya Gaspare ikaanza kutetemeka, hata kijiko kilimshinda. Tangu hapo Dianora ndiye aliyechora kila kilichotoka katika karakana ile, na kila kilichotoka kiliitwa kazi ya Gaspare. Watu walisimama mbele ya watakatifu wake wakisema, "Gaspare ana mkono!" Dianora akiwa pembeni anasaga rangi.

Gaspare alifariki Kwaresima ya mwaka jana, Mungu amlaze pema. Hata mishumaa ya maziko haijapoa, kaka yake Ottavio akaja kutaka karakana. Akasema mwanamke hana duka, mwanamke ana jiko. Chama cha mafundi kikakaa, kikatoa uamuzi: marehemu alikuwa ameahidi picha kubwa ya kuzaliwa kwa Bikira Maria kwa jumuiya ya kanisa letu. Mjane aitengeneze. Jumuiya ikiipokea na kuitundika altareni, karakana ni yake. Ikiikataa, karakana ni ya Ottavio, na Dianora ahamie kwa huyo shemeji yake, ale anachopewa na kulala anapoonyeshwa.

Unajua mdogo wangu alifanya nini? Badala ya kutafuta mabinti wazuri wa kukaa mbele yake, alituchukua sisi. Mkunga Zita ndiye anayemwogesha mtoto. Nunziata mwenye tanuri la mkate anabeba ndoo ya maji, na makovu ya moto ya mikononi mwake yamo yote. Mimi ndiye mwenye taulo. Na Mtakatifu Anna, mama mzazi aliyelala kitandani, ni Brigida muuza mayai! Maana Anna alimzaa Maria uzeeni, Shangazi, na wachoraji wote wanamchora kama bibi harusi.

Tulicheka katika karakana ile mpaka majirani wakagonga ukuta. Nunziata alikuwa hakomi, "Dianora, nipunguze kiuno, mwanangu, dunia nzima itaniangalia."

"Tulia hapo, au nitakupunguza mdomo kwanza," Dianora anamjibu, hata haachi kupaka.

Brigida yeye alipewa bakuli la supu alishike kwa ajili ya picha. Akainywa yote, akalala usingizi wa kweli na kukoroma. Dianora akasema tumwache hivyohivyo. Ndiyo maana Mtakatifu Anna wetu amefumba macho nusu, mdomo umelegea kidogo, mkono umeangukia nje ya shuka. Anaonekana amechoka kama mtu aliyefanya kazi kubwa duniani akaimaliza. Mara ya kwanza nilipomwona nililia, nikasingizia vitunguu.

Basi mwishoni mwa Agosti wakaja wakubwa wa jumuiya kukagua. Mbele yao Bwana Lattanzio, mwenyekiti, muuza hariri, mtu wa kutembea tumbo likimtangulia. Nyuma yao Ottavio, hakuna aliyemwita. Walisimama mbele ya picha. Kisha Lattanzio akasogeza pua.

"Huyu si yule muuza mayai?"

"Ndiye, Bwana," akajibu Dianora.

"Umemlaza muuza mayai kwenye kitanda cha Mtakatifu Anna?"

"Mtakatifu Anna naye alikuwa jirani wa mtu, Bwana."

Ottavio akacheka peke yake. Lattanzio akatoa masharti mawili. La kwanza, nyuso zile zifutwe, zichorwe za heshima. La pili, jina la Gaspare liandikwe chini, kwa kuwa mkono wa marehemu unajulikana na ndio jumuiya iliouagiza.

Dianora akajifuta mikono kwenye aproni taratibu. "Bwana, mume wangu alizikwa kabla turubai hii haijakatwa. Mnataka niseme alifufuka akachora?"

Wengine walikohoa ili wasicheke. Lattanzio akawa mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Akasema Dianora asipokubali masharti hadi sikukuu ya Bikira, picha haitaona altare. Wakaondoka nayo siku ileile, wakaiegemeza ukutani katika ujia wa nyuma ya kanisa, kando ya ghala la mishumaa, uso ukitazama ukuta. Ottavio alibaki mlangoni akiyapima madirisha ya karakana kwa macho.

Mama alimsihi jioni hiyo. "Mwanangu, badilisha nyuso mbili tu. Andika jina la mumeo, ulimpenda. Utapoteza nini?"

Dianora akamjibu maneno ambayo sitayasahau. "Mama, nilificha jina langu miaka yote ile kwa sababu nilimpenda Gaspare. Huyu Lattanzio simpendi."

Aliingia ndani akaanza kufunga brashi zake kwenye kitambaa, moja moja, kama mtu anayemvisha maiti. Sijawahi kumwona amenyooka hivyo na amevunjika hivyo kwa wakati mmoja.

Lakini wewe unalijua tanuri la mkate la mtaa huu, Shangazi. Habari ikiingia hapo na unga, inatoka kabla mkate haujaumuka. Nunziata alipowapa wanawake mikate yao, aliwapa na mambo ya Lattanzio. Kufikia sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, hapakuwa na nyumba ambayo mke hamjui muuza mayai aliyegeuzwa uso ukutani.

Asubuhi ya sikukuu kanisa lilijaa hadi ngazi za nje. Padri Ippolito, mzee aliyetumwa na Askofu kuhubiri, alikuwa anavaa kanzu yake. Altareni walikuwa wametundika zulia la Lattanzio kufunika pengo. Mimi nilikuwa nimeketi na Dianora nyuma kabisa, amevaa nguo yake nyeusi, amekuja kusali tu. Ghafla tukasikia makelele kule ujiani.

Kama Zita alivyonisimulia baadaye, mtunza kanisa, Menico, alikuwa amesimama mbele ya picha amenyoosha mikono. "Hakuna ruhusa! Hakuna ruhusa!"

Mkunga Zita akamsogelea. "Menico, wewe ulikuja duniani kwa kutanguliza makalio, na mimi ndiye niliyekugeuza. Usinifanye nikugeuze tena. Sogea."

Akasogea! Wanawake wakaiinua picha, nzito kama mlango wa ngome, wakatoka nayo mlango wa nyuma, wakaizungusha uwanjani mbele ya wauza matofaa na wauza jibini, na kila walipopita wengine wakaongezeka. Wakaingia nayo kwa mlango mkubwa. Shangazi, jua lilikuwa limeipiga. Zile rangi nilizoziona kila siku karakanani, sikuzijua. Brigida alitangulia mbele ya picha amevaa shela la kuazima, na watu walipomwona yeye, kisha wakamwona kitandani, mnong'ono ukapita kanisa zima kama upepo shambani. Dianora alinishika mkono akaufinya mpaka vidole vikafa ganzi.

Chini ya ngazi za altare wakakwama. Picha ilikuwa nzito, mikono imechoka, na Lattanzio amesimama juu, miguu ameitanua.

"Rudisheni huo uchafu mlikoutoa!"

Hapo ndipo akainuka Bi. Cornelia, mke wake mwenyewe, kutoka kwenye mto wake wa hariri kiti cha mbele. Mwanamke huyu amezika watoto wanne, na sijawahi kumsikia akizungumza hadharani. Aliitazama ile sura ya Anna, na ule mkono ulioanguka nje ya shuka. Akavua pete zake, akampa jirani, akashika kona ya fremu.

"Cornelia, kaa chini," mumewe akasema kwa sauti ndogo.

"Nitakaa ikishapanda," akasema yeye. "Na wewe ama ushike upande huo, ama utupishe."

Kanisa zima likaangua kicheko, hata wanaume. Padri Ippolito akatoka, akaisogelea picha, akaitazama kwa utulivu. Akamwuliza Brigida, "Mama, ni wewe huyu?"

"Ni mimi, Baba. Ila nilikuwa nimelala, sikumbuki kitu."

Mzee akatabasamu. "Miaka yote nahubiri kuzaliwa huku, sijawahi kufikiri kwamba kuna mtu alichoka. Nani amechora?"

Lattanzio akafungua kinywa, "Karakana ya marehemu Gas..." lakini wanawake hawakumngoja. Walitaja jina la Dianora kwa pamoja, kwa sauti kubwa hata njiwa wa mnarani wakaruka wote. Dianora akasimama. Hakuinamisha kichwa. Akasema, "Ni mimi, Baba," na njia ikafunguka mbele yake mpaka altareni.

Padri akamgeukia mwenyekiti. "Haya, Bwana Lattanzio, tuanze misa, au unangoja mtoto azaliwe mara ya pili?"

Lattanzio akashika fremu, Shangazi. Naapa. Alishika upande wake kama mtu aliyeagizwa kubeba jeneza, na picha ikapanda.

Misa ilipokwisha, Dianora aliomba brashi, akapiga magoti mbele ya watu wote akaandika chini kabisa: Dianora binti Michele alichora. Mkono haukutetemeka. Mama aliyekuwa akimsihi abadilishe nyuso ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, na sasa anamweleza kila mtu kwamba wazo lilikuwa lake.

Jumuiya iliipokea rasmi siku ya pili yake, na chama cha mafundi kimemwachia karakana. Ottavio alileta kikapu cha matofaa kuomba amani. Matofaa yenyewe yalikuwa machungu kama yeye, tumewapa nguruwe. Masista wa Imola wameagiza picha ya karamu ya Kana, na Bi. Cornelia anataka kuchorwa, bila mumewe. Brigida naye haongei na mtu kwa mayai machache tena. Anasema watakatifu huuza kwa kikapu.

Mama anakusalimu, na mume wangu Sandro, na Zita anayeuliza kama wakunga wa huko wana adabu. Utusalimie mjomba Adriaan, na binamu Lijsbet na mumewe. Mwenyezi Mungu awafunike kwa mkono wake, awape kuni kavu na mwili mzima kipindi chote cha baridi.

Nimemwuliza Dianora nikuandikie nini kutoka kwake. Yuko juu ya ngazi, amebana brashi kwa meno, fundi seremala anang'oa mlango wa karakana pamoja na kizingiti chake, kwa kuwa turubai ya Kana haipiti. Amesema, "Mwambie Shangazi nina kazi."

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukukumbuka,
Pellegrina