Baba Mkubwa Niliyemwacha Kwenye Feri

Mama,

Nina hasira na wewe. Naanza na hiyo kwa sababu ulikuwa hupendi mtu azungukezunguke.

Mdogo wangu Neema yuko shule. Mama Furaha wa ghorofa ya chini ndo anamsuka sasa, anamvuta nywele mpaka mtoto analia, halafu anamwambia, "Mama yako alikudekeza." Mimi bado naosha mabasi kule gereji. Koti lako liko palepale mlangoni, hakuna aliyeligusa.

Sasa sikia. Baba mkubwa alikuja. Yule yule kaka yake marehemu baba, wa Ufaransa, ambaye kwenye msiba wako alituma salamu tu. Akapiga simu: "Asukulu, Jumamosi natua hapo, unipokee. Nakuja kumchukua mtoto wetu." Hakuniuliza. Kaongea kama mtu anayefuata ndoo yake aliyomwazima jirani.

Nikaenda uwanja wa ndege. Suti, viatu vya ncha, begi moja dogo. Salamu hata hazijaisha, ananiuliza, "Boti iko wapi?" Nikadhani anatania. "Mama yako alinieleza. Stockholm ndege ikitua mnapanda basi la majini, mnaingia mjini juu ya maji kama wafalme."

Mama! Kule uwanjani hakuna hata dimbwi. Ni msitu na barabara. Najua kwa nini ulimdanganya. Kila akipiga simu anakutajia gari lake, nyumba yake ya ghorofa, na wewe ndo umerudi kutoka kuogesha wazee Vällingby, mgongo unauma. Ukatafuta kitu cha kumshinda. Nakuelewa. Lakini aliyebaki na hiyo boti ni mimi.

Ningemwambia haipo. Unanijua, mtu akinikazia macho ulimi unakufa. Nikampandisha basi mpaka mjini, tukaupita mji, tukapanda basi lingine mpaka kisiwani Djurgården, ndo nikampandisha ile feri ya kurudi mjini, Slussen, ile yetu, inayokubali kadi ya treni. Yaani nilimtoa mjini ili aingie mjini. Akasema tu, "Mji wenu uko mbali na ndege."

Kusema kweli na mimi nilikuwa naitaka ile feri. Wewe ukiwa na neno gumu ulikuwa hulisemi nyumbani. Unasubiri siku ya mapumziko, tunaenda kusimama pale kwenye vyuma vya ukingoni, tunaangalia maji, unatafuna karanga, maganda unayaficha mfukoni Waswidi wasione. Ndo pale uliponiambia daktari amesema nini. Nikaweza kukujibu kwa sababu sikukuona uso. Nikafikiri na yeye nitamweza hivohivo.

Nikaangalia maji. Nikasema, "Baba mkubwa, Neema haendi."

Akacheka. Mama, alicheka kweli. "Nani anasema? Wewe, muosha mabasi? Jina lako tu ukiandika unatoka jasho. Mtoto wa kike wa miaka tisa alelewe na mvulana hata mke hana? Huyo atakuwa Mswidi, atawajibu wakubwa kama anafokea mbwa." Halafu akasema lile. "Mama yako mwenyewe alinikabidhi huyo mtoto. Yuko kitandani hospitali, kwa simu. Alisema, shemeji, huyu kaka yake hawezi."

Hawezi.

Ulisema, mama?

Nikamwambia anadanganya. Akanipiga kofi. Mbele za watu! Watalii wakashusha kamera zao. Kijana wa feri akaja, akaniuliza kwa Kiswidi kama niko salama, kama aite polisi. Nikasema hapana, ni baba yangu. Ndo ulivyonilea. Baba mkubwa akaingia ndani, akakaa, akanipa mgongo, begi liko miguuni.

Tukafika Slussen. Watu wote wakashuka, yeye kakaa. Nikajua anasubiri nini. Anasubiri niende, niinamishe kichwa, nichukue begi, niseme, baba, tumefika, karibu tushuke. Mkubwa hajibebei begi na mtoto wake yupo. Nikaliangalia lile begi. Dogo, hata Neema angelibeba.

Nikashuka.

Geti likafungwa. Akaniona kwenye kioo, na bado hakunyanyuka! Feri inaondoka, yeye vilevile, kidevu juu, ananingoja. Ikamrudisha ng'ambo. Mimi nikazima simu, nikaenda nyumbani Husby kumpikia Neema.

Kesho yake baada ya ibada wazee wetu wa Fizi, wa kule kwetu Kongo, wakaniita kwa mmoja wao kule Akalla, ndo alikolala baba mkubwa. Nikaenda na Neema na Mama Furaha. Wakasema nimemtupa baba majini. Mama Furaha akadakia, "Kumtupa wapi? Si alikuwa kwenye kiti?" Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Wakataka nipige magoti, nimkabidhi Neema mkono kwa mkono. Neema akauliza kwa Kiswidi mbona wanamsema kama hayupo. Hakuna aliyemjibu. Wengine walielewa, nimewaona.

Nikapiga magoti. Nikasema, naomba msamaha kwa ajili ya begi. Begi tu. Neema haendi. Sauti ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi lakini nilisema, na nikarudia.

Baba mkubwa kaondoka peke yake. Amesema laana itanikuta popote. Kanisani wengine hawanipi mkono tena, wanapita kama mimi ni nguzo.

Sasa mimi sijui. Nimekaa na lile neno "hawezi" wiki nzima, naosha mabasi nalo. Kama hukulisema, unisamehe kwa kukuuliza. Kama ulilisema, basi na wewe nimekukatalia, wewe mama yangu, na ukija hata ndotoni nitakukatalia tena. Nitamlea vibaya. Wali utaungua, atanijibu Kiswidi, nitamfokea, nitajuta. Lakini hatoki humu ndani kwa kukabidhiwa kwa mtu. Atatoka siku anayotaka mwenyewe. Hiyo nakuahidi, utake usitake.

Kaburini siji kwanza. Neema ataletwa na Mama Furaha, ana maua kachagua mwenyewe. Mimi nitakuja hasira ikipungua.

Pumzika, mama. Huyu namlea mimi.

Asukulu