Leso Uliyoniachia Nimtuze Bi Mkwaruzo

Zaituni, shoga yangu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni mimi Mwanakombo, sikumtuma mtu aniandikie. Herufi ni zilezile ulizonifunza mezani kwangu hapa Edmonton, London, na kama zimepinda, lawama ni zako.

Kwanza habari kubwa, maana najua huna subira: leso imefika. Sikurudi nayo. Sasa tulia nikueleze.

Nyumba yako hapa jirani wamempa nesi mmoja kutoka Kisii. Mpole, lakini wali wa nazi anauchemsha kama uji. Nitamfunza. Mjukuu wangu Salma bado huja kila Jumamosi na kompyuta yake tutazame. Zamani nikisema "katuni za Kijapani" alikuwa akinikata kauli, "Ni anime, Nyanya." Sasa mimi ndiye namkata mamake. Pale pako kwenye kochi hapakaliwi na mtu. La, nisikudanganye, napakalia mimi, karibu na hita.

Wakumbuka siku ile ulipokuja kuomba vitunguu? Ulikuwa na sare yako ya kazi ya kulea wazee, na Salma kaweka wimbo wa mwanzo wa ile hadithi ya msichana anayeponya mito. Ukasimama na vitunguu mkononi. Wimbo ulipokwisha ukasema, "Rudisha." Akaurudisha mara nne. Sauti ya yule mwimbaji kama ya mtu aliyelia jana, leo kaoga kavaa. Ukambandika jina palepale, Bi Mkwaruzo. La kweli linanishinda mpaka leo.

"Huyu kaimba maharusini," ukasema. "Sauti hii haikulelewa chumbani."

Na maneno ya Kijapani yalikuwa yakipita chini ya picha kwa herufi hizi zetu. Kiingereza kilinishinda miaka yote, wanaandika hivi wanasoma vile. Lakini hayo yalisomeka kama yetu. Ukanishika kidole ukakipitisha juu ya maneno, nami nisiyewahi kukaa darasani hata siku moja nikawa nasoma. Sikuelewa hata neno moja. Nikalia. Ukaniambia, "Futa kamasi, tuendelee."

Kilichokuwa kikikuudhi ni kimoja tu. Salma akiyaruka yale majina yanayopita mwishoni, ulikuwa ukimpiga kofi mkononi. "Wacha yapite! Nani katunga?" Siku moja akayasimamisha akakusomea: maneno na muziki wa Bi Mkwaruzo vyote ni vya mwanamke mwingine, yule anayempigia kinanda. Ukamwambia alisome tena lile jina. Mimi nilijua kwa nini. Nusu ya harusi za mtaani kwetu Mombasa ziliimbwa nyimbo zako, na hakuna aliyesema huu katunga Zaituni. Waimbaji walituzwa mpaka wakafunikwa na leso, wewe uko nyuma na tari lako.

Ulipolazwa hospitali ukanipa mfuko, ndani leso mpya, kanga nyekundu na nyeusi, jozi nzima. "Bi Mkwaruzo akija London mtuze. Moja yake, moja ya mtunzi. Na usirudi na leso yangu." Kisha ukaenda zako, mimi nikabaki na amri.

Basi akaja. Onyesho la mchana, Jumapili. Ndani ya treni ndipo nikaifungua, Zaituni, nikaona aibu yangu. Sijaikata! Jozi bado ni kitambaa kimoja, haijapindwa wala nini. Tangu ufe imekaa kabatini, naona uchungu kuigusa. Mtu gani anatuza leso isiyokatwa? Ungenitukana mpaka stesheni ya Liverpool Street. Nikataka kushuka ninunue mkasi. Salma akasema, "Nyanya, tukikutwa na mkasi mlangoni haturuhusiwi kuingia."

Ukumbi umejaa vijana wa nywele za rangi ya juisi. Ukaja wimbo wetu wa mito. Bi Mkwaruzo anatoa roho pale juu, na hakuna mtu anayekwenda kumtuza! Wamesimama tu wanapunga vijiti vya taa. Nikainuka. Salma akanivuta buibui.

"Nyanya, please, hapa hawafanyi hivyo."

"Leo watafanya."

Nikaenda kwa mwendo wetu ule, mabega yakicheza, leso juu. Mlinzi mmoja mkubwa kama mlango akanizuia. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sokoni kwamba rafiki yangu amekufa na hii ni ya wimbo. Hakunipisha, lakini hakunirudisha. Na Bi Mkwaruzo akaniona. Akaja mpaka ukingoni, akapiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa. Nikamwonyesha kinanda. Nikapiga kelele, "Na yeye! Yeye ndiye katunga!"

Sijui alisikia nini. Akaikunjua leso, haiishi, jozi nzima! Akaenda nayo hadi kwenye kinanda, akamfunika mtunzi mabega, akajifunika na yeye upande uliobaki. Wawili ndani ya leso moja, Zaituni, mmoja anaimba, mmoja anapiga huku machozi yanamtoka. Ningeikata, kila mmoja angechukua kipande chake tu.

Nikapiga vigelegele mpaka koo likauma. Vijana wakajaribu kuniitikia, wakalia kama paka. Mlinzi alinirudisha kitini kwangu amenishika mkono kama bi harusi, na Salma aliyekuwa akiona haya alikuwa analia.

Sasa nimefungua daftari. Kila asubuhi baada ya chai naandika wimbo wako mmoja kama ninavyoukumbuka, na chini yake kwa herufi kubwa: UMETUNGWA NA ZAITUNI. Ule wa bwana harusi kibogoyo umenipotea ubeti wa tatu, lakini nitampigia dadako Kisauni, ataukumbuka, alikuwa akiupenda kwa uchokozi wake. Nakuahidi siachi mpaka zimalizike zote. Salma anajifunza kuziimba. Matamshi yake mabaya, sauti anayo. Na hapa kwangu majina ya mwisho yatapita yote, chai ikipoa na ipoe.

Lala pema, shoga yangu. Mungu akupanulie nafasi, maana najua hupendi kubanwa.

Barua hii nimeitunga mimi, Mwanakombo. Kuandika nilifunzwa na Zaituni.