Nani Alisema Haya?

Kijijini, Handeni
9 Agosti 1976

Baba yangu, Mzee Mdoe,

Shikamoo, na mama naye namwamkia. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Mihogo ya bondeni Kwamndolwa imestawi, au nguruwe wamewahi tena? Sisi huku afya tunayo, Mwaija na watoto wanakula na kulala. Mimi silali vizuri, Baba. Nimejaa hasira hadi kooni, na leo nimeamua kuitapika kwenye karatasi.

Habari za Eliasi najua umeshazipata, kwani amelazwa huko huko Korogwe. Ulimfundisha useremala pamoja nami, ukamwita mwanao ingawa baba yake alikuja huku kukata mkonge na hatukujua hata kwao. Umeambiwa kwamba kakatwa kidole gumba na cha shahada kwa uzembe wake. Uongo mtupu! Ngoja nikueleze.

Mwaka jana karakana yetu ya kijiji ilipata msumeno wa umeme wa kukatia pembe za fremu. Ni sahani ya chuma yenye meno, unaishusha juu ya mbao kwa mpini, na unaweza kuigeuza na kuilaza upate pembe unayotaka. Jenereta likiwaka, unakata mninga kama muhogo wa kuchemsha. Alikuja mtaalamu kutoka Tanga, akakaa nasi siku tatu. Alitwambia mbao ibanwe kwenye ukingo wa meza, mkono ukae mbali na meno si chini ya shubiri moja, ile kinga ya bati isifungwe juu, sahani iachwe ishike mwendo kabla ya kugusa mbao, na kipande kisiokotwe mpaka isimame kabisa. La mwisho alilirudia mara tatu: anayeshika mbao ndiye huyo huyo anayeshika mpini, mtu mmoja, basi. Eliasi aliyaandika yote kwa chaki mlangoni.

Mtaalamu hajafika hata Korogwe, mwenyekiti wa karakana, Sadala, akayafuta. Huyu Sadala hajawahi kupigilia hata msumari wa kutundikia kofia, lakini mdomo anao. Akasema mtu mmoja mashine moja ni ubinafsi, kijiji cha ujamaa hakina kazi ya peke yake, na tangu siku hiyo mmoja atashika mbao na mwenzake atashusha msumeno. Eliasi akamjibu kwamba umoja ni nguvu shambani, lakini meno ya msumeno hayajahudhuria semina. Watu wakacheka. Sadala hakucheka, na tangu hapo akawa anamtafuta.

Basi tukafanya kama ulivyotufundisha kwenye ule msumeno wa kupasulia magogo, mmoja juu, mmoja shimoni. Aliye tayari husema "haya", mwenzake avute. Kwa ule wa mikono, ukikosea unachubuka. Huu hauchubui, Baba.

Jumanne wiki iliyopita walikuja wageni kutazama fremu za shule mpya. Sadala akaifunga kinga juu kwa kamba ya katani ili wageni wayaone meno yakifanya kazi, kisha akawa anahimiza tu, fanyeni haraka, wageni wana safari. Eliasi ndiye aliyeshika mbao. Akaona imeteleza kidogo kwenye mstari, akapeleka mkono airudishe. Mwenzake akashusha mpini. Mkono ule hautapima shubiri tena.

Kesho yake Sadala akaandika taarifa kwamba Eliasi mwenyewe alisema "haya" ilhali mkono wake uko chini ya meno, kwa hiyo ameumia kwa uzembe na amekitia kijiji aibu. Jumamosi hii mkutano utamwondoa karakanani, na nyumba ya karakana anayokaa na mkewe Stefania apewe mwingine. Mtu kapoteza gumba, sasa apoteze na paa! Nasema waziwazi, Sadala ni mwongo, na kila aliyetia sahihi taarifa ile ni mwongo mwenzake.

Sasa kaa kitako, Baba. Aliyeshusha mpini ni mimi. Eliasi hakusema "haya". Alisema "bado". Nilimsikia, pamoja na kelele zote zile nilimsikia, lakini Sadala alikuwa amenikazia macho mbele ya wageni, nami nikaona aibu kuonekana mzito. Na sahihi ya kwanza kwenye taarifa ni yangu. Sadala alinitisha kwamba nisipotia, ataandika nilimkata mwenzangu makusudi. Nikatia, kwa mkono wenye vidole vyote vitano. Neno "haya" nimelitia kinywani mwa Eliasi, na haya yenyewe sikuwa nayo.

Nakuomba uende wodini ukamsomee Eliasi barua hii, yote, usiruke. Jumamosi nitasimama mkutanoni niseme neno alilolisema. Wakitaka kunifunga, wanifunge.

Nisalimie mama na shangazi Hamisa. Mwaija anawaamkia wote. Barua anakuletea Stefania, anayekuja kumtazama mumewe. Zamani ningempa bila wasiwasi, lakini mwaka huu amefuzu kisomo cha watu wazima, na sasa husoma kila karatasi inayomfikia mkononi, hata ya kufungia chumvi. Bahasha sikuifunga.

Mwanao,
Rehani Mdoe