Maksai wa Baba Ukutani kwa Boris

Kakuma,
Jumatatu asubuhi.

Kwa Dada yangu mpendwa Atabo,

Ejok! Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba joto la Lodwar limewaachia angalau nafasi ya kupumua. Mimi ni mzima kabisa, nimenenepa kidogo, na nina furaha nyingi hata kalamu inashindwa kunifuata. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, wewe kwenye simu hunikatiza kabla sijamaliza salamu, na leo nina neno ambalo lazima lifike mwisho. Linamhusu Atem, mwenzangu wa kibanda cha rangi, ambaye tangu mwezi wa kwanza umempiga marufuku kukanyaga kwako. Nataka umfungulie mlango.

Usiitupe barua. Nianze na habari njema.

Nimeacha haraka. Ndiyo, mimi Ekiru, niliyezaliwa kabla mkunga hajafika. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, naenda soko la mifugo na daftari na penseli, nachora mnyama mmoja tu, kisha namuuliza mwenye mnyama jina lake na kama ananiruhusu kumchora ukutani. Atem ndiye aliyenizoesha hivyo. Mwanzoni mbuzi wangu walifanana na viti. Wiki ya tatu bibi mmoja alimtambua mbuzi wake kwenye daftari, akaita wenzake wote waje kuona, halafu akanigombeza kwamba nimemsahau kupe sikioni. Nikamchora na kupe. Nilirudi kibandani nikicheka peke yangu njia nzima.

Mwezi uliopita shule moja hapa mjini ilitupa ukuta mzima tuupambe. Tulichora wanyama ishirini, wote wa kweli, kila mmoja na mwenyewe. Ulipokamilika, wenye mifugo walikuja na vigoda vyao, wakaketi mbele ya ukuta wakaanza kuwaimbia wanyama wao. Mwalimu mkuu, Madam Sally, alisema siku hiyo masomo yameshindikana, akawaachia watoto wacheze nao. Dada, nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Sasa lile neno. Unakumbuka Baba alivyokuja mnadani hapa mwezi wa kwanza, kisha akashuka kwako Lodwar amenuna, akakataa hata chai. Alikuwa amemwona yule maksai wake mwekundu, ambaye kwa ajili yake kijiji kizima cha Lorugum humwita Baba Apaloreng, yaani baba wa mwekundu, pembe moja imepindwa mbele na nyingine nyuma, amechorwa kwenye ukuta wa bucha ya Boris, yule Mkongo. Mwilini amechorewa mistari ya kugawa nyama: paja, mbavu, nundu. Chini yake bei ya kilo. Maksai ambaye Baba humwimbia kila jioni! Alipopiga simu kuuliza ni nani aliyefanya vile, nilimjibu kwamba ni Atem, kwamba ni mgeni na hajui heshima ya ng'ombe wetu. Wewe ukakasirika kwa ajili ya Baba, na ulikuwa na haki.

Dada, hakuwa Atem. Mimi ndiye niliyemchora, na mimi ndiye niliyemdanganya Baba.

Boris alitaka ng'ombe mzuri, alimtaka siku hiyo hiyo, na ng'ombe niliyeweza kumchora hata nikifumba macho alikuwa yule. Atem aliniuliza ni wa nani. Nikamwambia ng'ombe ni ng'ombe, anipe rangi nyekundu. Hebu fikiria, kumsingizia Mdinka kwamba hajui heshima ya maksai! Yeye mwenyewe ana maksai wake aliyebaki kwao Bor, na humwimbia mpaka leo akikoroga rangi. Nilipokuwa nadanganya kwenye simu alikuwa kando yangu, anasikia yote. Kesho yake alinunua daftari na penseli akaniwekea mezani. Heri angenizaba kofi.

Jumamosi iliyopita Baba alikuja kuuza mbuzi. Nilimfuata sokoni nikamweleza yote. Aliomba daftari, akalifunua ukurasa baada ya ukurasa huku akilowesha kidole. Mwishowe akauliza Atem yuko wapi. Nikampeleka kibandani. Baba hakuomba radhi, unamjua. Alisimama mbele ya Atem, akainua mikono kama pembe, akamwimbia wimbo wa maksai wake mpaka mwisho. Atem naye akainua yake, akaimba wa kwao. Hakuna aliyeelewa hata neno moja la mwenzake, na wote wawili walitokwa jasho kwa furaha. Boris alikuja mbio na kisu chake mkononi akiuliza ni harusi ya nani.

Nisamehe, Dada. Ulimkosea mtu mwema kwa sababu yangu.

Jumamosi hii tunakuja kwako, sisi watatu. Tafadhali mpokee Atem kwa mikono miwili. Baba ameamua maksai wake achorwe kwenye ukuta wako wa mbele, mzima, bila mstari hata mmoja. Pembe atachora Atem. Kichwa na mwili pia atachora Atem. Mimi Baba amenipa kwato.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na umwambie jirani yako Jeptoo kwamba nitapita kumwona.

Ni mimi mdogo wako, mchora kwato,
Ekiru