Sabuni ya Mjukuu

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Paa bado linavuja na jirani bado ana mdomo.

Kwenye kifurushi kuna sabuni ya mwanao. Mama kaitengeneza mwenyewe. Tafadhali usimwogeshe nayo mtoto. Siku hizi Mama husahau: akishatia magadi, anatia tena. Mimi nilinawa na ile ya kwanza, ngozi ya viganja ikabanduka. Nilipomwonyesha alilia, akanipuliza, akanipaka mafuta, kisha akauliza nani kaniunguza.

Leo anatengeneza nyingine. Magadi nimeyaficha, namwachia akoroge mafuta matupu, maana akiwa anakoroga ndipo anapokumbuka jina lako.

Akikupigia simu, mwambie mtoto ananukia vizuri.

Ni mimi, dada yako