Bibi, Yule Kwelea Alitaja Jina Gani?

Bibi,

Shikamoo. Naanza kwa heshima kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini ujue nimekukasirikia. Hata siku ya harusi, Elia ameushika mkono wangu kama anaogopa nitapeperuka, nilikuwa nimekukasirikia.

Nimeolewa, Bibi. Na mwalimu wa Kiswahili! Tumepanga chumba na sebule hapa Unyambwa. Asubuhi ananiletea chai kitandani, sukari imezidi, na ninainywa yote. Nampenda hadi nacheka peke yangu nikiosha vyombo. Nilitaka umwone. Na ungemwona, hapo ndipo hasira inaponipanda. Ulikohoa tangu wakati wa palizi, tukakubembeleza twende hospitali mjini, ukasema acheni tuvune alizeti kwanza. Alizeti tulivuna. Wewe hukuiona.

Na ukaondoka na mwisho wa hadithi yangu.

Unaijua ni ipi. Ulikuwa unauliza, "Mmelala?" nasi wajukuu tunajibu, "Tuko macho," ndipo unaanza. Msichana anaamia ndege shambani kwa baba yake, anawafukuza wasile uwele. Kwelea mmoja anamwambia, nipe uwele kidogo, nitakutajia jina la atakayekuoa. Msichana anampa, kesho tena, keshokutwa tena, hadi suke la mwisho. Kwelea anafungua mdomo... na wewe unanyamaza! Tukilalamika unanigeukia mimi tu: "Mke mwenzangu, jina hilo nitalitaja mimi, siku ya harusi yako." Miaka yote hiyo. Siku ya harusi nikamuuliza mama mkubwa, akasema hajui, hadithi ilikuwa yako.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Elia alianza kuwafundisha Kidato cha Kwanza ngano. Mtoto mmoja akauliza kama ni ngano ya chapati. Elia akaona bora wasikie mtu akisimulia, akanibembeleza niende. Mimi wa kukataa ombi la Elia? Nikavaa kitenge cha harusi.

Kabla sijaanza alikuwa anawaeleza kwamba ngano ina mwanzo na mwisho wake maalumu, wanyama husema na kuwa na tabia za watu, na kwamba haina mtunzi anayejulikana, ni mali ya jamii nzima. Nilimtazama vibaya, mume wangu kipenzi. Mali ya jamii! Mbona jamii haikunimalizia?

Nikauliza, "Mmelala?" Wakashangaa kwanza, maana kitabuni wamezoea paukwa na pakawa. Nikawafundisha kujibu. Bibi, walijibu vizuri mpaka nikakusikia wewe kooni kwangu. Nikasimulia hadi kwelea akafungua mdomo. Nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na kingine.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Madam, hii imekosa sifa moja. Haina mwisho."

Mwingine nyuma akamjibu, "Labda Madam hajaolewa, ndiyo maana halijui jina."

Wakacheka. Mimi, mwenye pete kidoleni! Hasira yote niliyokuwa nayo kwako ikatoka pale pale. Nikasema, "Kwelea akasema: Elia."

Walipiga madawati hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Mwalimu Elia wao aliangusha chaki. Alipojikusanya akauliza funzo la hadithi ni nini, na yule wa nyuma akasema ni kwamba tusiwafukuze kwelea, wanatafuta wachumba. Elia akaliandika ubaoni, mpenzi huyu, huku akicheka.

Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nililia. Jina limetajwa, Bibi, na ni tamu, lakini lilipaswa kutoka mdomoni mwako. Uliliweka kama akiba na hukutaka kwenda kupimwa kifua. Hilo sijakusamehe. Labda nitakusamehe, ila si leo.

Naahidi hivi. Nikipata mtoto nitamsimulia yule msichana na kwelea, na jina nitalitaja siku hiyo hiyo, kabla hajasinzia. Sitamwekea mtu mwisho wa hadithi hadi harusini. Na nikisikia kikohozi kifuani mwangu, alizeti itasubiri.

Umelala, mke mwenzangu?

Lala basi. Mimi niko macho.

Mjukuu wako,
mke wa Elia